Kazi ya Asubuhi ya Seva

Kila mmoja wetu hapa Idete ajua jinsi siku ya shule inavyoanza. Kengele hupigwa, viwanja hufagiliwa, bendera hupandishwa, sote tunasimama mstarini, na mwalimu wa zamu huita majina. Kazi hizo hufanywa kila asubuhi, wala hakuna asemaye kwamba kwa kuwa jana tulifagia, leo tusifagie. Lakini iko kazi nyingine ambayo haifanywi kila asubuhi, nayo ni kuandikisha wanafunzi. Mwanafunzi huandikishwa mara moja tu, siku aingiapo Kidato cha Kwanza, na jina lake hukaa katika rejesta mpaka amalizapo masomo.

Hebu fikirini mwalimu wa zamu ambaye kila kengele ya asubuhi inapolia huichana rejesta yote, akachukua daftari jipya, akaandika majina yote upya, na alama zote zilizokuwamo akazitia motoni. Bila shaka mngesema kwamba mtu huyo amerukwa na akili. Basi, mtu huyo nilikuwa mimi. Katika ukurasa huu nataka kueleza jinsi nilivyofanya jambo hilo bila kukusudia, na yaliyonipata, ili mwenzangu atakayekuja nyuma yangu asiangukie shimo lile lile.

Mwaka jana, nikiwa Kidato cha Tatu, mwalimu wetu wa Hisabati alitukusanya wanafunzi wachache tuliopenda kompyuta, akatufundisha kuandika programu kwa lugha ya Python. Baada ya miezi michache alinipa kazi: nitengeneze programu ndogo ya kuhifadhi alama za mitihani. Mwalimu afungue simu yake hapa shuleni, aone orodha ya darasa, aandike alama, nayo programu ijumlishe, ipange nafasi na kutoa taarifa ya kila mzazi. Programu ya namna hiyo haikai ndani ya simu ya mwalimu. Hukaa katika kompyuta moja iitwayo seva, yaani kompyuta inayozihudumia nyingine, na simu huitembelea kama vile mgonjwa anavyokwenda zahanati. Seva yetu ilikuwa kompyuta ya mezani iliyowekwa kwenye kona ya ofisi ya walimu, na simu ziliifikia kwa mawimbi ya redio bila kuhitaji intaneti.

Nilitumia vifaa viwili ambavyo hutolewa bure: Flask, inayopokea maombi ya simu na kuyajibu, na SQLite, inayoweka habari katika majedwali ndani ya faili moja. Kisha nikafika kwenye jambo lililonishinda, nalo ndilo kiini cha habari hii: seva inapowashwa, kabla haijapokea mgeni wa kwanza, ifanye kazi gani?

Nilidhani jibu ni rahisi. Nikaandika mistari ya kuanzia, ambayo ilisomwa kila programu ilipoamka. Mistari hiyo ilisema: fungua hifadhidata, soma faili yenye majina ya Kidato cha Pili, kisha uyaandike majina hayo katika jedwali. Wanafunzi walikuwa 43. Nikaiwasha, nikafungua ukurasa, nikakuta majina 86. Kila mwanafunzi alikuwa na pacha! Nikaizima na kuiwasha tena, yakawa 172.

Kuongezeka kwa mara ya pili nilikuelewa, maana nilikuwa nimeiwasha mara mbili. Lakini kwa nini mara ya kwanza yalitoka 86 badala ya 43? Sikujua, na tena sikujitaabisha kujua. Hapo ndipo kosa lilipozaliwa. Badala ya kuutafuta mzizi, nilikata majani. Juu kabisa ya mistari yangu ya kuanzia niliongeza mstari mmoja mfupi uliosema: futa jedwali zima, kisha ulitengeneze upya. Nikaiwasha tena, yakatoka majina 43 barabara. Nilifurahi sana, nikamwita mwalimu aje kuona. Naye akafurahi.

Sababu ya kweli niliijua baadaye. Flask ikiwashwa kwa hali ya majaribio, kama nilivyoiwasha mimi, huzaa mchakato wa pili. Ule wa pili ndio unaohudumia wageni, na ule wa kwanza hukaa nyuma tayari kuuzaa upya kila mwandishi anapobadili faili. Kila mmoja husoma mistari ya kuanzia tangu mwanzo. Kwa hiyo kazi niliyodhani inafanywa mara moja ilikuwa ikifanywa mara mbili. Hata katika seva kubwa za kazi, ambazo hazitumii hali ya majaribio, mara nyingi programu moja huendeshwa na michakato minne au minane kwa pamoja ili wageni wasingoje, na kila mchakato waweza kuifanya kazi ya kuanzia kivyake. Anayeandika mistari ya kuanzia akidhani kwamba itasomwa mara moja tu anajidanganya.

Sasa nirudi kwenye kisa. Mwezi wa Mei mtihani wa muhula ulifanyika. Jumatatu moja niliiwasha programu, nikanakili faili yake katika kijiti cha kuhifadhia, nikawaambia walimu kwamba mlango uko wazi. Tena nilikuwa nimefanya jambo moja la kujivunia: niliipanga kompyuta ile ijiwashe yenyewe umeme unaporudi, na programu nayo ianze yenyewe bila kungoja mtu. Walimu wanne walianza kuingiza alama. Watatu kati yao walikuwa waangalifu, wakaandika kwanza katika karatasi. Wa nne, mwalimu wetu wa Baiolojia, aliniamini kuliko nilivyostahili. Siku ya Alhamisi jioni alisahihisha karatasi moja moja na kuandika alama moja kwa moja katika simu yake. Ijumaa akawarudishia wanafunzi karatasi zao ili wakazisome na kuona walipokosea.

Siku zilipita salama kwa sababu programu haikuzimwa. Kisha usiku wa Jumanne mvua kubwa ya mwisho wa masika ilinyesha kwa radi na upepo. Umeme ukakatika, ukarudi, ukakatika tena. Na kila uliporudi, kompyuta ile ilijiwasha yenyewe kwa utii wote, programu ikaamka, ikasoma mstari wangu wa kwanza, ikatii. Ilifuta jedwali zima na kuandika majina 43, safi, bila alama hata moja. Nilikuwa nimeweka majina na alama katika jedwali moja, kwa hiyo yaliyofutwa yalifutwa yote.

Asubuhi ya Jumatano walimu walikusanyika mbele ya kompyuta ile. Nikaitwa. Nilipoona tu ule ukurasa mtupu nilijua lililotokea, na miguu yangu ikalegea. Lakini kabla sijafungua kinywa, mmoja wao alisema, "Ni umeme wa jana. Umeme umeunguza kila kitu." Wote wakakubali. Wakanipa pole! Nami nikaitika, "Ahsanteni," nikaondoka.

Ndugu wasomaji, sikulala usiku ule. Kama ningenyamaza, hakuna ambaye angejua. Umeme hauna mdomo wa kujitetea. Lakini mambo mawili yalinisumbua. La kwanza, mkutano wa wazazi ulikuwa Jumamosi, na alama za Baiolojia za Kidato cha Pili hazikuwapo mahali popote ila katika karatasi ambazo sasa zilikuwa zimetawanyika. La pili, mstari ule ulikuwa ungali pale. Walimu watatu walikuwa tayari wameanza kuandika alama zao upya kutoka katika karatasi. Umeme ungekatika tena, nazo zingefutwa tena. Uongo wangu ungekuwa kama kuacha nyoka chini ya kitanda kwa kuona haya kusema kwamba umemwona.

Alhamisi alfajiri nilimkuta mwalimu wa Baiolojia akinywa chai.

"Shikamoo, mwalimu."

"Marahaba. Mbona mapema?"

"Mwalimu, si umeme uliofuta alama. Ni mimi."

Nikamweleza yote. Hakunikemea. Alikaa kimya muda mrefu, kisha akaniuliza jambo moja: "Je, yaweza kutokea tena leo?" Nikajibu, "Ndiyo, mwalimu." Akasema, "Basi nenda kwanza ukaiondoe hatari. Maneno mengine baadaye." Nikaenda mbio, nikauondoa mstari ule kabla ya kengele ya kwanza.

Kisha kazi ya kukusanya karatasi ikaanza. Katika wanafunzi 43, 36 walikuwa na karatasi zao shuleni. Wanne walikuwa wameziacha nyumbani, wakazileta jioni. Watatu walikuwa wamezipeleka shambani kuwaonyesha wazazi wao. Wenyeji wa bonde letu la Kilombero mwajua hali ilivyo mpunga unapoiva: jamaa huhamia shambani, hulala katika madungu, na kuamia ndege tangu alfajiri hadi jua lizamapo. Ijumaa mwalimu alituruhusu, mimi na rafiki yangu, tuchukue baiskeli twende huko. Njia ilikuwa matope, na mahali pengine sisi ndio tuliozibeba baiskeli. Karatasi ya kwanza tuliipata, na ya pili tuliipata imechomekwa kwenye makuti ya paa la dungu, mahali pa heshima, maana mtoto alikuwa amepata 80.

Kwenye dungu la tatu tulimkuta mama akipepeta. Tukamwamkia, tukamweleza shida yetu. Akashika kichwa. "Wanangu, mvua ilikuwa imelowesha kuni zote. Sikujua kwamba ile karatasi bado ina kazi. Niliwashia moto."

Karatasi ile ilikuwa ya msichana mmoja wa Kidato cha Pili. Alikuwa akikumbuka vizuri kwamba alipata 71, na wenzake walimshuhudia. Mwalimu naye alikumbuka kwamba alifanya vizuri. Lakini alisema kwamba katika taarifa huandikwa kile tu kinachoweza kuonyeshwa, naye hawezi kumwandikia mmoja kwa kukumbuka na wengine kwa karatasi. Msichana akaomba afanye mtihani mwingine. Akaufanya Ijumaa ile ile alasiri, peke yake darasani, bila kujiandaa. Akapata 64, na 64 ndiyo iliyosomwa mbele ya baba yake siku ya Jumamosi.

Nilimwendea kumwomba radhi. Aliniambia, "Usijali, kaka. Upimaji wa taifa bado uko mbele." Lakini mimi najali. Zile alama 7 nilizichukua mimi, na hakuna mstari wa programu utakaozirudisha.

Baada ya hayo mwalimu wa Hisabati alikaa nami, tukajifunza upya kazi ya kuanzia. Nitaeleza kwa mfano wa mpunga ili hata wazazi wetu wasiogusa kompyuta waelewe. Mkulima ana kazi za aina mbili. Kupanda ni mara moja kwa msimu, na kuamia ndege ni kila asubuhi. Mkulima akiacha kuamia, ndege watakula. Akipanda kila asubuhi, atauvuruga mpunga aliokwisha kuupanda. Seva nayo ina kazi za namna hizo mbili. Kutengeneza majedwali na kuandikisha majina ni kupanda. Kufungua hifadhidata, kusoma mipangilio na kuhakikisha kwamba kila kitu kipo ni kuamia ndege. Kosa langu lilikuwa kuzitia kazi zote mbili katika kengele moja.

Kwa hiyo tulifanya mambo manne. Kwanza, kazi ya kupanda tuliiondoa katika mistari ya kuanzia, tukaiweka katika programu ndogo ya peke yake, ambayo huendeshwa na mtu kwa mkono wake mwanzoni mwa muhula. Pili, hata hiyo tuliiandika kwa namna ya kuuliza kabla ya kutenda: tengeneza jedwali kama halipo, mwandike mwanafunzi kama hayumo. Tena tuliiamuru hifadhidata isikubali namba moja ya mwanafunzi kuandikwa mara mbili. Sasa kazi ile ikifanywa mara moja au mara kumi, matokeo ni yale yale, majina 43. Tatu, seva ikiamka na kukuta jambo lisilo sawa, mathalani jedwali limekosekana, haijaribu kulitengeneza kwa kubahatisha. Hukataa kuanza, na huandika sababu kwa maneno ya wazi. Ni heri duka lililofungwa kuliko duka lililo wazi na mwenye duka hajui bei. Nne, alama tulizitenga katika jedwali lake, na nakala ya faili yote hufanywa kila jioni.

Nilipokuwa nikijifunza hayo, niligundua kwamba jambo hili halikuwa langu peke yangu. Hospitali, vituo vya afya na zahanati za nchi yetu hukusanya takwimu zao katika mfumo uitwao DHIS2, unaoongozwa na Chuo Kikuu cha Oslo huko Norway, na ambao ulikuwa umefika katika mikoa yote ya Tanzania Bara kufikia mwaka 2013. Mfumo huo nao ni programu inayokaa katika seva, umeandikwa kwa lugha ya Java, na una kazi zake za kuanzia. Mojawapo huangalia kama aina zote za vipindi vya taarifa, yaani siku, wiki, mwezi, robo mwaka na kadhalika, zimo katika hifadhidata. Zilizomo huziacha, na isiyokuwamo ndiyo huiongeza. Na mabadiliko ya majedwali hufanywa kwa chombo kiitwacho Flyway, ambacho huweka jedwali la kumbukumbu ndani ya hifadhidata yenyewe. Kila badiliko lina namba yake, na likiisha kufanywa huandikwa humo. Seva inapoamka, Flyway husoma kumbukumbu kwanza, na lililokwisha kufanywa halirudiwi.

Niliposoma habari hiyo nilimkumbuka muuguzi wa kliniki ya watoto. Mama akimleta mtoto, muuguzi haanzi kwa sindano. Huanza kwa kusema, "Nipe kadi." Husoma chanjo ipi imekwisha kutolewa na ipi imebaki, hutoa iliyobaki, kisha huandika. Hiyo ndiyo busara yote ya kazi ya kuanzia: soma kadi, tenda lililobaki, andika ulilotenda.

Na sisi wa Idete hatupaswi kuwa wageni wa busara hiyo. Maabara ya utafiti ilifunguliwa Ifakara mwaka 1957, nayo leo ni Taasisi ya Afya Ifakara. Ni hapa Idete ambapo chanjo ya malaria iitwayo SPf66 ilijaribiwa kwa watoto wa umri wa mwaka 1 hadi 5, na matokeo yakachapishwa mwaka 1994. Ilitolewa kwa dozi tatu, na ilionekana kupunguza ugonjwa kwa asilimia 31. Chanjo ile haikufika mbali, kwa kuwa majaribio ya nchi nyingine hayakuonyesha faida hiyo. Lakini fikirini uandishi uliohitajika: mtoto yupi amepata nini, lini, na mara ya ngapi. Kama daftari lile lingefutwa kila asubuhi, dunia isingejua lolote, si jema wala baya.

Mwalimu wa Baiolojia bado anaitumia programu yetu. Lakini sasa huandika kwanza katika karatasi, na karatasi huifunga kabatini. Siku ya kwanza nilipomwona akifanya hivyo nilisikia aibu. Akaniona, akacheka, akasema, "Si kwamba sikuamini. Wewe ulinifundisha kwamba hata mwaminifu huweza kuamka vibaya."

Nawaachia wenzangu neno moja. Ukiona kitu kimeongezeka mara mbili na hujui kwa nini, usikifute ili kipendeze machoni. Keti, uliza, mpaka ujue. Mimi sikuuliza, na aliyelipa ni msichana aliyekuwa ameamka alfajiri kuamia ndege na bado akapata 71.